Kisu Kisichotakiwa Kung'aa

Msasa uliniishia jioni, kazi ikiwa katikati. Sasa wewe niambie, fundi wa visu bila msasa ni fundi wa nini? Nikatoka mbio na aproni yangu kiunoni, nikakimbilia duka la vifaa kabla halijafungwa. Nilimkuta mwenye duka na kufuli mkononi. Akaguna, akafungua, akanipa msasa na kopo la thina ya kuoshea chuma.

"Mama Makali, utakuja kuniua na haraka zako."

"Afadhali wewe unauawa na haraka. Wenzako wanauawa na uvivu."

Ndivyo wanavyoniita mtaani, Mama Makali. Wateja wanasema ni kwa sababu nanoa visu. Mume wangu anasema ni kwa sababu ya mdomo. Yeye ni fundi cherehani, na tunafanya kazi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kwangu jiriwa la kubania vyuma, jiwe la kunoa, matupa na harufu ya mafuta. Kwake cherehani, pasi na vipande vya vitambaa kila mahali. Nyuma kuna chumba tunacholala. Watoto wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake, na sisi tumebaki tunagombana kwa raha zetu.

Niliporudi nilikuta mgeni.

Alikuwa ameketi kwenye benchi langu. Mama mtu mzima, kanipita umri, gauni limepigwa pasi vizuri, kifurushi cha kitambaa mapajani. Nyuma ya pazia cherehani inaunguruma, mume wangu hata hajui kama mtu kaingia. Na pale ndani kulikuwa na harufu... kama mshumaa umezimwa sasa hivi. Nikaangalia huku na huku. Hakukuwa na mshumaa.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yake ilikuwa ya chini mno, ikabidi nisogee. Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na kisu kipana cha jikoni, mpini wa mbao, bapa lote limepakwa rangi nyeusi mpaka kwenye makali. Karibu na ncha rangi ilikuwa imechubuka, sehemu ndogo kama ukucha. Nilipokinyanyua ili nikitazame, yule mama aligeuza uso wake ukutani.

"Piga nyeusi juu yake," alinong'ona.

"Sawa. Kwanza nitabandua hii ya zamani, halafu..."

"Usibandue."

"Mama, rangi juu ya rangi mbovu haikai. Ni sawa na kupaka mafuta juu ya miguu yenye matope."

"Usibandue, mwanangu. Kifunike tu. Nitakifuata kesho kabla jua halijazama."

Akainuka, akaondoka. Sikusikia hatua zake kwenye kokoto za nje, na kokoto zile hata paka akipita unamsikia.

Sasa hapa naomba mnielewe. Mteja akikuambia upake juu ya uozo, ukampakia, ile rangi ikitoka baada ya wiki hatasema "mimi ndiye niliyeomba." Atasema "hii kazi ya Mama Makali." Kazi hii nimeirithi kwa mama yangu, na mama hakuwa na mchezo. Alikuwa akikukuta unapaka juu ya rangi ya zamani anakupiga kofi la mgongo, kisha ndipo anakusalimia. Kwa hiyo nilisema moyoni, nitambandulia bila kumwambia, nitapaka upya, atakuja kunishukuru. Kumbe.

Kesho yake mchana nikavaa glavu, miwani ya kazi na barakoa. Ile dawa ya kubandulia rangi haina adabu, inachoma macho na koo. Nikakipaka kisu dawa, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaendelea na visu vya mwenye bucha. Ukirudi baadaye unakuta rangi imevimba na kukunjamana, unaikwangua kwa kipande cha mbao, inatoka yenyewe. Mimi kazi ile huwa naipenda. Huwa naimba.

Chini ya nyeusi kulikuwa na nyeusi nyingine. Nikapaka dawa tena. Nyingine. Nyingine nene, nyingine nyembamba, nyingine imepakwa na mtu mwenye haraka mpaka nywele za brashi zimegandia humo. Mikono tofauti, ya watu tofauti. Nikaacha kuimba. Kila tabaka likitoka, ile harufu ya mshumaa uliozimwa inapanda, inashinda hata dawa.

Chini kabisa nilikuta kitambaa.

Kilikuwa kimezungushwa kwenye bapa na kukazwa, halafu kikalowekwa lami. Mtu alikuwa amekifunga kile kisu kama mtu anavyofungwa kitambaa machoni.

Mwenye akili angeishia pale. Mimi nilikuwa na kazi ya kumaliza na jua lilikuwa linashuka. Nikapitisha wembe, nikakata, nikavuta.

Chuma kilichofungwa namna ile miaka yote hiyo lazima kiwe kimeliwa na kutu. Hiki kilikuwa kinang'aa. Sikukisugua, wala sikukipitishia hata tambara. Kilikuwa kinang'aa kuliko kioo chochote nilichowahi kujitazama.

"Baba watoto! Njoo uone maajabu!"

Akaja, futi ya kupimia shingoni, mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi mkononi. Alipokiona tu akanipokonya. Mume wangu ana mvi chache kidevuni na vita nazo haviishi. Akasogea dirishani, akakiinua kisu mbele ya uso, akaanza kuitafuta moja aikate.

"Kisu hiki kinanizeesha," akasema.

"Hakikuzeeshi. Kinasema kweli."

Akacheka. Akakisogeza karibu zaidi.

"Mke wangu..."

"Nini tena?"

"Mbona humu nimefumba macho?"

"Acha utani wako, nina kazi."

"Siyo utani." Alikuwa ameyatoa macho kweli, namwona kwa ubavuni. "Nimeyafumbua. Humu yamefumba."

Nikakichukua, nikamwambia hicho ni chuma, siyo kioo, kinapinda sura za watu. Akapiga mwayo mrefu. Akarudi kwake nyuma ya pazia akijikuna kichwa, na cherehani ikaanza kuunguruma. Nikakigeuza kisu kwenye mwanga.

Uso wake ulikuwa bado umo.

Niliganda. Mume wangu yuko nyuma ya pazia, nasikia mguu wake kwenye pedali. Na uso wake uko mkononi mwangu, mvi zake zote, ule mkunjo wa paji... macho yamefumba. Nilikipangusa na aproni. Ukabaki. Nilikiinamisha hivi na hivi. Ukabaki palepale, kama picha.

Cherehani ikanyamaza.

"Baba watoto?"

Kimya.

Nikalipiga pazia pembeni. Alikuwa amelaza kichwa juu ya suruali aliyokuwa akiishona, mikono inaning'inia. Nikamshika mkono. Wa baridi! Jua halijazama, chumba kina joto la pasi, mkono wa baridi. Nikamtikisa, nikamwita kwa majina yote, hata lile la ujana ambalo nililiacha tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

"Niache kidogo..." ulimi ulikuwa mzito. "Nimechoka, mke wangu."

Nilimburuta mpaka kitandani. Pumzi ilikuwa inakuja, inakaa, ndipo inakuja tena. Niliogopa, jamani. Mimi ambaye mtaa mzima unaniogopa. Huyu mtu nikimgombeza asubuhi, jioni ananishonea gauni. Nikimkosa huyu nitagombana na nani?

Jambo moja tu lilinijia kichwani. Kifunike tu, alisema. Kifunike.

Nikarudi mbio. Nikaosha bapa kwa thina lisibaki hata tone la mafuta, nikakitundika kisu kwa waya, nikatikisa kopo la rangi nyeusi ya kupuliza. Nikapuliza. Rangi ikakaa vizuri ncha yote, ikakaa pembeni... halafu ikaanza kurudi nyuma. Niliiona kwa macho yangu. Ilijikusanya, ikakimbia kutoka usoni mwa mume wangu, ikateleza, ikadondoka chini. Uso ukabaki mweupe, safi. Nikaosha, nikapuliza tena. Ikakimbia tena.

Rangi isiposhika, dawa yake ni msasa. Unakikwaruza chuma kidogo, rangi inapata pa kushika. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Nikakibana kisu kwenye jiriwa, nikachukua msasa mpya, nikaupitisha kwenye shavu lile.

Chumbani mume wangu akapiga ukelele.

Nilimkuta amelala vilevile, macho yamefumba. Kwenye shavu lake la kushoto kulikuwa na michubuko myembamba, imepangana, na damu inaanza kuchomoza.

Nikautupa msasa.

"Umebandua," sauti ikanong'ona nyuma yangu.

Alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake lilelile. Sikuuliza kaingiaje. Nilimkamata kifuani, shikamoo nimeisahau kabisa.

"Hiki ni kitu gani ulichoniletea?"

"Kisu."

"Usinichezee! Mume wangu anakufa humo ndani!"

"Bado hajafa." Alinitoa mikono taratibu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi vilevile. "Kilikuwa kwa mama yangu. Kabla yake sijui. Ninachojua ni kwamba kinatazama. Kikimtazama mtu, kinamlaza. Kikifunikwa mapema, anaamka."

"Na kisipofunikwa?"

Akaenda kwenye jiriwa, akainama mbele ya bapa, uso wake wote. Nikachungulia begani kwake. Nilimwona mume wangu humo. Niliuona ukuta wangu, na matupa yangu yaliyotundikwa. Yule mama hakuwemo.

"Mimi nilikitazama nikiwa binti," akasema. "Mama alichelewa."

Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga meza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekipokea?"

Nisingekipokea. Ningemtoa na ufagio.

"Rangi haishiki," nikamwambia. Nilikuwa nalia sasa, sikuona aibu.

"Haishiki bila msasa. Lakini aliyelala hastahimili msasa, ataondoka katikati ya kazi. Aliye macho anaweza." Akaniangalia ile miwani na barakoa ambazo sikuwa nimekumbuka kuvua. "Hivyo ndivyo vilivyokuficha. Kionyeshe uso mwingine. Kitamwachia huyu."

"Uso wa nani?"

"Wowote. Hakichagui."

"Hodi wenyewe!"

Nilishtuka nusu nidondoke. Alikuwa jirani yetu, tunamwita Redio, kwa sababu ukimwambia neno asubuhi, mchana umeshalisikia limerudi kwako na viungo. Aliingiza kichwa, kisha mabega. Yule mama alikuwa amesogea kwenye kona, na Redio alipita mbele yake kama anapita mbele ya kabati.

"Mama Makali, mbona kimya leo? Mumeo kakupiga, au wewe ndiye umempiga?" Halafu akaona. "Yuuh! Kinang'aa hicho! Hebu nijione, wanja huu nimepaka gizani."

Akaja. Anacheka, amelamba kidole tayari kunyoosha nyusi.

Huyu ndiye aliyetangaza mtaa mzima kwamba binti yangu kaachika, kabla binti mwenyewe hajanipigia simu. Huyu ndiye aliyesema nanuka mafuta, sifai kuingia kanisani wala msikitini. Na mume wangu ndani, pumzi inakuja... inakaa... Ningenyamaza tu. Hakuna ambacho ningefanya. Kunyamaza tu, hatua mbili zaidi, basi.

Yule mama kwenye kona alikuwa ananitazama mimi.

Redio akainama.

"Toka!" Nilimsukuma kifuani mpaka akayumba. "Toka humu ndani! Nenda kwako!"

"Ee! Makubwa! Nimekukosea nini?"

"Toka kabla sijakutukania wazazi!"

Akasonya sonyo refu, akajifunga nguo yake vizuri, akatoka. Mpaka leo hatusalimiani. Ameueleza mtaa kwamba nimekuwa na majivuno, na mimi sijamjibu.

Nilisikiliza chumbani. Pumzi ilikuja. Ikakaa. Ikakaa...

Nikavua miwani. Nikavua barakoa. Nikainama kwenye jiriwa.

Kwanza nilimwona mume wangu. Halafu akafifia, kama mvuke unavyotoka kwenye kioo, na mahali pake nikaja mimi. Mashavu yangu. Mdomo wangu huo wenye sifa. Nilikuwa nimetoa macho kama mwizi, na mle ndani nilikuwa nimeyafumba.

Chumbani mume wangu akakohoa. "We mama watoto! Nani kanikwaruza?"

Sikuwahi kufurahia sauti ya mtu kiasi kile. Lakini furaha yenyewe sikuimaliza. Usingizi ulinishukia mabegani, mzito, mtamu, usingizi wa mtu aliyefua siku nzima. Nikajishikiza kwenye jiriwa.

"Usilale," yule mama akanong'ona sikioni. "Fanya kazi."

Nikaokota msasa.

Nilianza na paji la uso. Sitawaficha, niling'ata aproni nisipige kelele. Kila nikipitisha msasa kwenye chuma, nasikia ngozi yangu inaitika. Nikaenda shavuni. Damu ikawa inadondoka kwenye jiriwa, naipangusa, nasugua tena, maana chuma lazima kiwe kikavu. Nikasugua mdomo. Nikasugua kidevu. Usingizi unanivuta chini, maumivu yananivuta juu. Yakabaki macho, upande wa mpini.

Nikaweka msasa kwenye kope. Nikagusa tu.

Nikaondoa mkono.

"Na macho," akasema.

"Siwezi."

"Macho ndiyo hasa, mwanangu."

"Siwezi! Na nisipoona nitapakaje?"

Nikashika kopo, nikapuliza. Kwenye paji la uso rangi ikashika. Mashavuni ikashika. Mdomo ukapotea. Kwenye macho ikasita, ikaanza kujikusanya pembeni, nami nikapuliza tena palepale, karibu, nene, kinyume na kila nilichofundishwa, mpaka ikajaa na kuziba. Nikaipitishia moto wa taa ya gesi ili iwahi kukauka. Ikatulia. Ikawa nyeusi tupu.

Usingizi ukanitoka kama mtu kanimwagia maji. Nikakaa chini sakafuni.

Yule mama alikitoa kisu kwenye jiriwa, akakifunga kwenye kitambaa chake. Nikamwambia akiache, nitakitunza mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Wewe? Utakitazama kila siku, na siku moja utaona mahali pamechubuka, mkono utakuwasha." Akafika mlangoni, akageuka. "Umepaka vizuri?"

Mume wangu alikuwa amesimama kwenye pazia, nywele zimemsimama, shavu limechubuka, ananitazama na damu yangu. Nimewahi kumwambia mteja "sijui" lini?

"Nimepaka vizuri," nikasema.

Akaondoka na ile harufu yake.

Mume wangu mzima. Anashona, anaimba vibaya, anakata mvi zake kwenye kioo cha kawaida. Nilimwambia jiwe la kunoa lilipasuka likaturukia sote wawili. Aliamini, au aliamua kuamini. Alinisafisha uso kwa maji ya vuguvugu na akanipulizia kila kidonda kama anavyowafanyia wajukuu. Michubuko imebaki makovu, watu wananionea huruma, nami nawaacha wanionee.

Ila silali. Ananiuliza mbona nageuka geuka usiku kucha, namwambia ni umri. Sijui yule mama anakaa wapi. Nimewauliza watu, hakuna anayemjua, mwenye duka anasema hajawahi kumwona. Nafikiria kile kifurushi, kinatembea, kinasuguana na kitambaa, kinawekwa chini, kinainuliwa. Wateja wananiletea visu vyao, na kila kimoja nikikifungua kwanza nafumba macho.

Maisha yangu yote nimewafundisha watu jambo hili bila malipo. Rangi iliyopakwa nene kwenye chuma kisichopigwa msasa inaonekana nzuri siku za mwanzo. Halafu inafanya kiputo kidogo. Kiputo kinapasuka, kingo zinanyanyuka, na haichukui muda.

Kazi ile hakuna anayeijua kuliko mimi. Na pale kwenye macho sikupiga msasa.